Mshiko na kunyanyua chuma kizito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akianza mazoezi ya vyuma anauliza seti ngapi, apumzike muda gani, ale nini. Akishafika kwenye uzito wa maana swali linahamia mikononi, chuma kinateleza, vidole vinafunguka, kifundo kinauma, gumba limekufa ganzi. Nimeyaweka hapa yale yanayojirudia kila siku. Msimamo wangu niseme mapema kabisa: mkono ni sehemu ya ufundi wa kunyanyua, sio kitu cha kushughulikia baadaye ukishakuwa na nguvu, na asilimia kubwa ya watu wanaodhani mgongo wao ni dhaifu wana mshiko mbovu tu.

Kwa nini chuma kinanitoka mikononi wakati miguu na mgongo bado vina nguvu?

Kwa sababu misuli inayofunga vidole ni midogo. Iko kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Sasa linganisha hiyo na mapaja, makalio na mgongo ambavyo ndo vinafanya kazi kubwa kwenye dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima, lazima siku moja mzigo utawazidi vidole kabla haujauzidi mgongo. Na kano zinachelewa kuimarika kuliko misuli, kwa hiyo ukiongeza kilo haraka haraka mikono ndo inabaki nyuma.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaitazami, chuma kinabingirika. Uzito unakivuta chini na chenyewe kinajizungusha kuelekea ncha za vidole, kidole cha mwisho kinaanza kufunguka, cha pete kinafuata, na ikishafika hapo huwezi kukifunga tena hata ukaze meno. Mishiko yote ya dedilifti nitakayoieleza huko chini inajibu hili tatizo moja la kubingirika, kila mmoja kwa njia yake.

Na mshiko ukianza kulegea madhara hayaishii mkononi. Ukihisi chuma kinaondoka unaharakisha, unasahau mgongo, mabega yanaporomoka mbele. Ukimwangalia mtu kwa nje utasema mgongo umemshinda, kumbe vidole vilikuwa vimeshakata tamaa muda tu.

Nishike sehemu gani ya mkono hasa?

Inategemea unavuta au unasukuma, na hapa ndo watu wanachanganya sana.

Ukivuta kutoka chini (dedilifti, kuvuta kifuani kwa kuinama) chuma kikae kwenye mstari pale vidole vinapoanzia, sio katikati ya kiganja. Ukikibana katikati ya kiganja kitashuka chenyewe hadi kwenye ule mstari mara tu uzito ukiingia, na kikishuka kinakokota ngozi, ndo yale malengelenge, halafu mshiko uliokuwa umeukaza unakuwa umelegea kabla hata hujamaliza repu (mara) ya kwanza. Kiweke pale mapema, mkono uning'inie, vidole viwe ndoano.

Ukisukuma (benchi presi, yaani kusukuma chuma ukiwa umelala chali kwenye benchi, au kusukuma juu ya kichwa) ni kinyume chake. Chuma kikae chini kwenye kiganja, karibu na kifundo, juu ya ile nyama ngumu ya upande wa gumba, ili uzito ushuke moja kwa moja kwenye mifupa ya kigasha. Kikikaa juu karibu na vidole kifundo kinapinda kwenda nyuma na utalala na maumivu.

Mishiko ya dedilifti iko mingapi na nianze na upi?

Anza na wa kawaida, viganja vyote viwili vinaelekea kwako. Ndo dhaifu kuliko yote na ndo maana unafaa kuanzia, unajenga mikono na unaweka mabega sawa pande zote mbili. Kaa nao muda mrefu kadiri unavyoweza, seti zote za kupasha mwili moto fanya nao hata ukishakuwa mtu wa kilo nyingi.

Siku ikifika umeukaza kwa nguvu zako zote na bado chuma kinatoka, una njia tatu. Mshiko mchanganyiko, kiganja kimoja kinaelekea kwako kingine kinaelekea mbele, chuma kikitaka kubingirika kutoka mkono mmoja kinabingirikia ndani ya mkono mwingine, kwa hiyo kinakwama. Mshiko wa ndoano, gumba linafungwa chini ya vidole. Au strapu, ile mikanda ya kitambaa inayofunga kifundo kwenye chuma. Kila moja ina maswali yake kwa hiyo twende moja moja.

Ni kweli mshiko mchanganyiko unachana msuli wa mkono?

Unaweza, na unaohusika ni ule mkono ambao kiganja kimeelekea mbele. Ukiwa umegeuza kiganja hivyo msuli wa mbele wa mkono, baisepu, umeshavutika, na kano yake ya chini inashikilia kwenye mfupa kidogo chini ya kiwiko. Mtu akikunja kiwiko hata kidogo na kujaribu kusaidia kuinua kwa mkono, mzigo wote ule wa miguu na mgongo unaangukia kwenye hiyo kano. Kano ikikatika ni upasuaji na miezi ya kukaa nje.

Kinga yake ni rahisi kuieleza na inahitaji nidhamu kuifanya: mikono inyooke kabisa kabla chuma hakijaacha sakafu, kaza msuli wa nyuma ya mkono ili kiwiko kibaki kimefungwa, na usinyakue chuma kwa ghafla. Kazi ya mkono ni kushika tu, kuinua ni kazi ya miguu na nyonga.

Pia mshiko huu unauzungusha mwili kidogo upande mmoja. Kwenye seti nyepesi badilisha mikono, leo wa kulia mbele kesho wa kushoto. Kwenye uzito wa juu kabisa watu wengi wana upande mmoja wanaouamini na mi sioni ubaya, mradi kazi nyingine ya wiki uifanye kwa mshiko wa kawaida.

Mshiko wa ndoano unauma vibaya, ni kawaida?

Kawaida kabisa. Wanyanyua uzito wa Olimpiki ndo mshiko wao wa kila siku kwa snachi (kuinua chuma juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) na klini (kukiinua hadi mabegani), na wapo wanaoutumia kwenye dedilifti za mashindano pia. Faida yake ni kubwa, unapata nguvu ya kuzuia kubingirika na bado viganja vyote vinaelekea kwako, mwili hauzunguki, na ile hatari ya kano ya kiwiko haipo kama kwenye mchanganyiko.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaolikandamiza gumba kwa nguvu chini ya vidole. Sivyo. Sukuma kwanza ile ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada iingie vizuri kwenye chuma, lilaze gumba likifuata urefu wa chuma huku limekizunguka, halafu kidole cha shahada na cha kati vipite juu yake na kulivuta kuelekea nje. Vidole vinalivuta gumba, havilipondi. Baada ya hapo usiendelee kukaza kama unakamua kitu, uache uzito wenyewe ufunge mshiko.

Anza na uzito mdogo kwa wiki kadhaa, ganzi ya muda mfupi na wekundu ni mambo ya kutarajia, tepu ya kitambaa kwenye gumba inasaidia. Lakini gumba likibaki na ganzi hadi kesho yake au maumivu yakawa kwenye kiungo chenyewe, pumzika. Wenye vidole vifupi watapata tabu zaidi, na unene wa chuma una mchango mkubwa: chuma cha wanaume cha Olimpiki kina unene wa milimita 28 na cha wanawake milimita 25, hizo milimita 3 ukiwa na mkono mdogo utazisikia sana.

Kutumia strapu ni kujidanganya?

Hapana. Inategemea unafanya mazoezi kwa lengo gani. Kwenye mashindano ya watu wenye nguvu, yale ya kuvuta malori na kubeba mawe, strapu zinaruhusiwa kwenye dedilifti, Eddie Hall wa Uingereza alipoinua kilo 500 mwaka 2016 alikuwa nazo na Hafþór Björnsson wa Iceland alipoinua kilo 501 mwaka 2020 naye alikuwa nazo, sidhani kuna mtu atawaambia hao wamejidanganya. Kwenye pawalifti (mashindano ya skwati, benchi presi na dedilifti) na kwenye unyanyuaji wa Olimpiki haziruhusiwi jukwaani, kwa hiyo kama unalenga huko lazima mikono yako ijitegemee.

Kwa mtu wa kawaida utaratibu ninaouamini ni huu, seti zote nyepesi bila strapu, strapu zinaingia kwenye zile seti mbili tatu nzito za mwisho ambapo mikono ingekuzuia kufanyisha kazi mgongo na miguu. Anayezifunga tangu chuma kikiwa kitupu anajinyima mazoezi ya bure ya mkono kila siku anayoingia jimu.

Onyo moja na nalisema kwa uzito wote: usivae strapu kwenye klini. Kwenye klini viwiko vinazunguka kwa kasi kwenda mbele chini ya chuma, ukikosea na mkono umefungwa huwezi kukiachia, kifundo kinaweza kuvunjika. Na zile strapu za umbo la nane ni za dedilifti tu.

Choki ipi, na nipake kiasi gani?

Choki ya mazoezi ni magnesiamu kaboneti, kazi yake kukausha jasho na kuongeza msuguano. Paka kidogo, isugue iingie kwenye mistari ya mkono hasa pale vidole vinapoanzia na kwenye gumba, halafu pukuta iliyozidi maana ikiwa nene inageuka unga wa kuteleza. Kama jimu yenu haitaki vumbi ipo ya majimaji, inakauka ndani ya muda mfupi na inashika vizuri tu.

Usichanganye na poda ya watoto. Hiyo inatelezesha. Wacheza pawalifti wanaipaka mapajani ili chuma kipite bila kukwama, na wanakuwa waangalifu isiguse viganja kabisa, bora akupake mtu mwingine.

Ukimaliza chukua brashi usafishe chuma, choki iliyojaa kwenye makwaruzo inafanya kishike vibaya kwa anayekuja baada yako.

Je glavu?

Mi sizipendekezi kwa uzito mkubwa. Glavu inaongeza unene wa unachokishika, na kila unene ukiongezeka vidole vinazunguka chuma kwa kiasi kidogo na mshiko unashuka. Unene sio jambo dogo hata kidogo. Kuna chuma maarufu cha historia, Magurudumu ya Apollon, cha Mfaransa Louis Uni aliyejiita Apollon, kilo 166 tu. Uzito huo wanyanyuaji wakubwa wa karne iliyopita waliumudu, ila fimbo yake ina unene wa karibu milimita 49 na haizunguki kwenye magurudumu yake, na hiyo peke yake ilitosha kuwashinda watu wenye nguvu za kutisha hadi kukiinua juu ya kichwa ikawa habari, kama alivyofanya Mmarekani John Davis mwaka 1949.

Sugu za mikononi nizifanyeje?

Zinatakiwa ziwepo ila ziwe bapa. Sugu ikiinuka inanaswa na chuma na kuchanika, halafu unakaa siku kadhaa huwezi kushika chochote. Baada ya kuoga ngozi ikiwa laini isugue na jiwe la kusugulia miguu, paka mafuta usiku. Usiikate kwa wembe.

Nielekeze dedilifti kuanzia miguu, maana kila kocha ana lake

Makocha wanatofautiana kwenye maneno lakini msingi ni ule ule. Pleti, yaani vile vyuma vya duara vya uzito, kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo fimbo inakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Kama pleti zako ni ndogo fimbo itakuwa chini zaidi na mgongo utalazimika kujikunja, weka vibao au pleti nyingine chini yake hadi ifike hapo.

Simama fimbo ikiwa juu ya katikati ya mguu, na nikisema katikati namaanisha mguu wote kuanzia kisigino, sio ile sehemu unayoiona ukitazama chini. Miguu upana wa nyonga. Inama ushike, mikono nje kidogo tu ya miguu, ukitanua mikono zaidi unalazimika kushuka chini zaidi bila sababu. Hapo bado nyonga ziko juu. Sasa kunja magoti hadi ugoko uguse chuma, bila kukisogeza, chuma kikisogea mbele umeharibu kila kitu ulichopanga, anza upya. Inua kifua, mgongo unyooke, kaza misuli ya ubavuni chini ya kwapa, ukifikiria unataka kukivuta chuma kije kwenye miguu.

Halafu kuna kitu ambacho kinatenganisha wanaojua na wanaobahatisha. Kabla hujainua, vuta chuma taratibu hadi usikie kimekaza, kile kilegevu kati ya fimbo na pleti kimeisha, mikono imenyooka kabisa na mwili wote umebana. Pleti bado ziko chini. Kutoka hapo sukuma sakafu kwa miguu. Mtu anayenyakua chuma kwa kishindo anafungua vidole vyake mwenyewe, maana ule mshtuko unafika mkononi kwanza kabla ya kufika popote. Wengi wanaolalamikia mshiko ukiwafundisha hii hatua moja tu tatizo linapungua hapo hapo.

Chuma kiwe kinapanda kikigusa miguu muda wote. Kikipita magoti sukuma nyonga mbele, simama wima, basi, usijipinde nyuma. Kurudi chini nyonga ndo zinaanza kurudi nyuma, magoti yanakunja chuma kikishayapita. Kisha panga mwili tena kwa repu inayofuata, usidundishe.

Pumzi nivute wakati gani, na mkanda unahitajika?

Vuta pumzi ndefu ya tumboni kabla ya kuinua, kaza tumbo pande zote, ishikilie hadi upite sehemu ngumu. Presha hiyo ya ndani ya tumbo ndo inaushikilia uti wa mgongo. Inapandisha pia presha ya damu kwa muda, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, ngiri, matatizo ya macho au moyo na mama mjamzito waongee na daktari kwanza.

Mkanda unalipatia tumbo kitu cha kusukumia, hauubebi mgongo. Ukifunga mkanda bila kujaza tumbo hewa umevaa pambo. Jifunze kwanza bila huo, uingize ukishafika kwenye uzito unaokulazimisha kujipanga.

Kwenye benchi presi gumba lizunguke au liache?

Lizunguke. Daima. Bila gumba hakuna kinachozuia chuma kuteleza kutoka kiganjani na kuangukia kifua au shingo, na watu wamekufa hivyo. Shirikisho la kimataifa la pawalifti linakataza mshiko usio na gumba kwenye benchi presi, na pia linataka vidole vya shahada visivuke sentimita 81 kati ya kimoja na kingine, ndo maana kwenye fimbo zao unaona alama mbili za pete, zinaonyesha umbali huo. Kwa upana wako wewe angalia kigasha, chuma kikiwa kifuani kigasha kisimame wima ukitazamwa kutoka miguuni.

Ukifanya mwenyewe bila mtu wa kukusaidia, ingia kwenye raki yenye vyuma vya usalama pembeni. Hili halina mjadala.

Na kwenye skwati, kuchuchumaa na chuma mgongoni, mikono inafanya nini?

Inakibana chuma kisisogee mgongoni, haibebi. Viwiko vikibeba uzito kesho yake utasikia maumivu ndani ya kiwiko na utadhani ni kwa sababu ya benchi. Shika karibu kadiri mabega yanavyoruhusu, kifundo kinyooke, mabapa ya mabega yabanane ili nyama ya juu ya mgongo itengeneze mahali pa kukalia chuma.

Nifanye nini mikono iwe na nguvu?

Rahisi kuliko yote ni kushikilia. Repu ya mwisho ya dedilifti ukishasimama usirudishe, kaa nayo sekunde 10 hadi 15 kwa mshiko wa kawaida. Kuning'inia kwenye chuma cha juu, kutembea na mizigo mizito mikono yote miwili, kubana pleti mbili laini kwa vidole na gumba, kuzungushia taulo kwenye fimbo ili iwe nene. Chagua mawili, mara mbili kwa wiki, mwisho wa mazoezi. Ukifanya mwanzoni unaingia kwenye dedilifti mikono imechoka.

Zungushia na mpira kwenye vidole uvifungue kwenda nje, maana tunafunga tu kila siku hatufungui. Na maumivu ya ndani ya kiwiko yakianza punguza hayo mazoezi kwanza, kano zimezidiwa.

Nianze na kilo ngapi?

Fimbo tupu. Ya wanaume kilo 20, ya wanawake 15. Ongeza kilo 2.5 au 5 kila unapomaliza repu zote bila umbo kuharibika.

Chuma kikinitoka katikati ya dedilifti nifanyeje?

Kiachie, mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Usikidake kwa magoti wala kukikimbiza chini kwa mgongo, na usibaki umeshika upande mmoja hasa kama ulikuwa kwenye mshiko mchanganyiko, mwili utazungushwa na uzito wote. Ndo sababu hakuna mtu wala chupa ya maji inayotakiwa kuwa karibu na chuma chako. Kikishatua kaa dakika chache, angalia kama ni jasho au ni uchovu. Ni jasho, futa mikono, paka choki upya na urudie. Vidole vimeshaanza kutetemeka, toa pleti au funga strapu, leo mshiko umeishia hapo.